Modeli ya maji ya ploti yetu Umoja: shajara ya mradi

11 Januari 2025: swali kwanza, laptopu baadaye

Huku kwetu Umoja, Nairobi, maji ya mfereji huja mara mbili kwa wiki, Jumanne usiku na Ijumaa usiku. Hiyo ndio ratiba, na kila mtu Nairobi anajua ratiba ya maji inaweza kubadilika wakati wowote. Ploti ina nyumba 24, watu kama 70, tanki la chini la lita 8,000, tanki la juu la lita 10,000, na pampu ya kupandisha maji. Karibu kila mwezi kuna siku bomba zinakauka, mara nyingi Jumatatu, na watu wanaanza kusaka mitungi ya mkokoteni. Sasa landilodi anataka kuongeza tanki lingine la lita 10,000 kule juu. Fundi alipiga hesabu ya tanki, stendi ya chuma, paipu na kazi ikafika shilingi 118,000, na hiyo pesa lazima itarudi kupitia kodi ya nyumba, hakuna njia nyingine.

Nikamwomba anipe muda kidogo kabla hajalipa dipositi. Swali ninalotaka modeli ijibu ni moja tu: tanki la pili litapunguza kukauka kwa kiasi gani, na je kuna kitu cha bei ndogo kinaweza kufanya kazi hiyo hiyo? Nimeliandika juu ya karatasi ya kwanza na liko hapo hadi leo, manake ukianza modeli bila swali utaendelea kuongeza vitu hadi mwaka uishe, mara rangi ya tanki, mara unene wa paipu, na mwisho hujui ulikuwa unatafuta nini.

Kwa wale hawajawahi kufanya hii kitu: modeli ni maelezo mafupi ya mfumo, yenye vitu vichache tu ulivyochagua, na simulesheni ni kuiacha hiyo modeli itembee kwa muda uone inafika wapi. Maji ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu kuna akiba (maji yaliyo kwa tanki) na mtiririko (yanayoingia na yanayotoka), na karibu kila mfumo unaweza kuuandika hivyo, iwe ni pesa, ng'ombe, wagonjwa ama stoku ya duka. Jay Forrester kule chuo cha MIT Marekani alijenga taaluma nzima juu ya wazo hili kuanzia miaka ya 1950. Na kabla yake, mwaka 1949, mchumi Bill Phillips wa New Zealand alitengeneza kule London mashine ya urefu kama mita 2 yenye matanki na mirija ya plastiki, maji ya rangi yakitiririka ndani kuonyesha jinsi pesa inavyozunguka kwa uchumi wa Uingereza. Yeye alitumia maji kuelewa kitu kingine, mimi nataka kuelewa maji yenyewe.

Gharama hadi sasa: karatasi na kalamu.

26 Januari: modeli ya kwanza, na maji hasi

Hesabu yote ni mstari mmoja. Kiwango kipya ni kiwango cha sasa, jumlisha (yanayoingia toa yanayotoka) mara hatua ya muda. Hii ni njia ya mwanahisabati Euler, iko kwa kitabu chake cha mwaka 1768, na bado inatosha kwa kazi kama hii.

Nilianza na hatua ya siku moja kwa lahajedwali. Nikaweka watu 70, kila mtu lita 50 kwa siku, hiyo ni 3,500. Mfereji niliupima kwa mtungi wa lita 20: unajaa kwa sekunde 48, yaani lita 25 kwa dakika, 1,500 kwa saa. Saa 11 za maji kila usiku wa ratiba. Modeli ikasema ploti haiwezi kukauka hata siku moja, daima, milele. Na mimi hapo nimeoga na maji ya mtungi asubuhi hiyo hiyo!

Basi nikahamia Python (lugha ya kuandika programu) na hatua ya saa moja, na shida ikageuka. Pampu yetu inapandisha lita 60 kwa dakika, hiyo ni 3,600 kwa saa. Sasa kama tanki la chini lina lita 900 na pampu imewashwa, modeli inatoa 3,600 zote kwa hatua moja na tanki la chini linabaki na toa 2,700. Maji hasi. Ukiangalia grafu ya tanki la juu peke yake huoni kitu, linaonekana limejaa vizuri kabisa, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu maji yaliyojaa kule juu hayakuwahi kuwepo.

Dawa ni mbili na zote ziweke. Ya kwanza, kila mtiririko uwekewe mpaka wa kile kilichopo na nafasi iliyobaki (h ni hatua ya muda, juu na chini ni lita zilizo kwa kila tanki, min inachagua namba ndogo zaidi):

toka = min(matumizi * h, juu)
panda = min(pampu * h, chini, 10000 - juu + toka)
ingia = min(mfereji * h, 8000 - chini + panda)
juu = juu - toka + panda
chini = chini - panda + ingia

Ya pili, punguza hatua. Nilijaribu saa moja, dakika 30, dakika 5, dakika 1. Kati ya dakika 5 na dakika 1 matokeo hayakubadilika kwa kitu cha maana, kwa hivyo nimebaki na 5. Hii ndiyo njia ya kujua hatua yako inatosha: igawanye, uendeshe tena, jibu likihama sana hatua ilikuwa kubwa mno.

Halafu mwisho wa kila mzunguko programu inajumlisha maji yote yaliyoingia, inatoa yaliyotoka, inalinganisha na mabadiliko ya akiba. Ikipata tofauti hata ya lita moja inasimama. Huo mstari mmoja umeniokoa kuliko kitu kingine chochote kwa huu mradi, uweke mapema kabla programu haijakuwa ndefu.

Gharama: bundles za intaneti tu.

9 Februari: kupima tanki

Lita 50 kwa kila mtu ilikuwa namba ya kukisia, sasa tunataka ya kweli. Keateka (mtunza ploti), mzee mmoja mpole sana ambaye anaijua hii ploti kuliko mwenye ploti, alinifungulia rufu, yaani juu ya paa. Mzunguko wa tanki ni mita 6.91, hivyo kipenyo mita 2.2, eneo mita za mraba 3.8, na sentimita moja ya maji ni lita 38. Kumbuka hiyo 38, itarudi sana.

Nilinunua mtaa wa Luthuli: bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya kusoma sensa) kwa 1,150 na sensa ya mwangwi HC-SR04 kwa 250. Sensa inapiga sauti chini, inangoja mwangwi urudi, muda unageuzwa kuwa umbali. Ukiunganisha na ESP32 usisahau rizista mbili za kugawa volti kwa waya wa mwangwi, sensa inatoa volti 5 na bodi inataka 3.3.

Ile ya 250 haikudumu. Ndani ya tanki kuna mvuke, asubuhi matone yanaganda kwa uso wa sensa na hiyo aina haijazibwa. Nikanunua JSN-SR04T, 1,100, hii imezibwa na ina waya mrefu, lakini nayo ina yake: haioni kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 20 hadi 25 hivi. Tanki likijaa maji yako kama sentimita 10 kutoka kwa kifuniko, kwa hivyo kila tanki lilipojaa namba zilikuwa takataka. Tuliinua sensa juu ya kifuniko kwa kipande cha paipu pana ya inchi sita na ikatulia. Paipu, boksi na gundi 480.

Lakini kitu kilichonikalisha chini ni kingine. Kila siku kuanzia saa tano hadi saa nane mchana kiwango cha maji kilikuwa kinapanda sentimita 3 ama 4. Pampu imezimwa, mfereji hauna kitu. Sentimita 4 ni lita 152, hiyo sio mchezo. Jibu liko kwa hewa. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20, na kama 352 ikiwa nyuzi 35, na tanki jeusi kwa rufu ya Umoja mchana linafika hapo bila shida. Mwangwi unarudi haraka zaidi, sensa inadhani maji yamekaribia. Nikaongeza sensa ya joto DS18B20 kwa 350, na programu sasa inahesabu kasi ya sauti upya kila kipimo: 331.3 jumlisha 0.606 mara nyuzi joto. Maji yakaacha kupanda mchana.

Jumla ya vifaa: 3,330.

22 Februari: lita 45 za usiku

Fupi kwa sababu ni rahisi. Kiasi halisi kinachotoka ni lita 4,300 kwa siku, sio 3,500. Nikaangalia saa nane hadi saa kumi usiku, wakati karibu wote wamelala: kiwango kinashuka sentimita 1.2 kila saa, kila usiku, bila kukosa. Lita 45 kwa saa. Mara 24 ni 1,080 kwa siku, robo ya maji yote ya ploti, na hayo hayaogi mtu wala kupika. Kampuni za maji duniani hutumia kipimo hiki hiki cha usiku kutafuta uvujaji kwa mitaa mizima. Tulipopita nyumba kwa nyumba na keateka tukapata sisterni 11 za choo zinazochuruzika kimya kimya ndani ya bakuli, huwezi kusikia ukiwa na redio. Ukitoa hizo 1,080 kila mtu anatumia kama lita 46, karibu sana na makisio ya mwanzo.

Nimeomba zisitengenezwe kwanza hadi nimalize kupima hali ilivyo. Keateka aliniambia, "Sawa kijana wangu, lakini usikae sana, maji ni maji."

16 Machi: wastani, kitabu cha keateka, na hofu ya watu

Huu ndio mwezi modeli iligeuka kuwa kitu.

Kwanza wastani. Nikiweka 4,300 kwa siku na saa 11 za maji kila usiku wa ratiba, modeli inapita kila wiki. Kutoka Ijumaa hadi Jumanne ni siku nne, lita 17,200, matanki yote yakijaa ni 18,000, zinabaki mia nane. Inatosha kwa wembamba lakini inatosha. Wastani hauoni Jumatatu zetu kabisa.

Sasa keateka ana kitabu. Kwa sababu yeye ndiye huwasha pampu, ameandika saa maji yalipoanza na saa yalipokatika, kila mara, kwa zaidi ya miaka miwili, kwa kalamu ya bluu, na nadhani hakuna mtu aliwahi kumwomba akione. Humo saa 11 ni nadra. Kuna usiku wa saa 4, kuna wa 19, kuna usiku hayakuja. Nikachapa kitabu chote kwa laptopu na badala ya kutafuta fomula ya kubahatisha, kila usiku wa modeli unachagua usiku mmoja wa kweli kutoka kwa kitabu bila mpangilio. Unaendesha miaka elfu moja ya kubuni na unahesabu. Hiyo ndiyo njia ya Monte Carlo, Stanisław Ulam na John von Neumann waliianzisha kwa maabara ya Los Alamos, Marekani, miaka ya 1940 na jina likatoka kwa kasino ya Monaco. Na hii ya kuchota tena kutoka kwa data yako mwenyewe ilipata jina (bootstrap) na msingi wake kutoka kwa mwanatakwimu Bradley Efron mwaka 1979.

Modeli ikaanza kukauka, kama wiki mbili kati ya kumi. Vizuri. Lakini nilipofananisha na kitabu kulikuwa na kitu hakikai sawa: kwa kitabu wiki mbaya zinafuatana. Mwaka jana kulikuwa na mwezi karibu mzima wa taabu. Kwa modeli wiki mbaya iko peke yake kisha nzuri inakuja kuosha. Sababu ni kwamba kuchagua usiku mmoja mmoja kunavunja uhusiano, na maji yetu yana uhusiano. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Thika kule Ndakaini, Murang'a, lenye uwezo wa mita za ujazo kama milioni 70, na linategemea mvua ya Aberdare. Kiangazi kikifika bwawa halishuki usiku mmoja na kupanda kesho. Paipu kubwa ikipasuka mtaani, ukarabati pia unakula siku. Kwa hivyo sasa modeli inachota vipande vya wiki nne mfululizo vilivyo kama vilivyo. Kukauka kukapanda hadi wiki tatu kati ya kumi, na zikaanza kufuatana kama kwa kitabu.

Hii ina maana kubwa kwa tanki la pili. Tanki la ziada linasaidia kama kuna wiki nzuri ya kulijaza kabla ya mbaya. Wiki mbaya zikifuatana unakuwa na tanki kubwa tupu.

Halafu hofu. Nilikuwa nimeweka data ya mwezi huu pembeni, haikutumika kurekebisha chochote, ili niitumie kuijaribu modeli. Jumapili moja saa kumi na mbili jioni kulikuwa na sentimita 80, lita 3,040. Modeli ikasema tutakauka Jumatatu mchana. Tulikauka Jumatatu alfajiri.

Ukiangalia sensa utaona kilichotokea. Jioni ya kawaida kati ya saa kumi na mbili na saa tatu zinatoka kama lita 900. Jioni hiyo keateka aliandika kwa grupu ya WhatsApp, "maji imebaki kidogo, tutumie vizuri", kwa nia njema kabisa, na hadi saa tatu kiwango kikawa sentimita 12. Karibu lita 2,600. Kila mtu alijaza dramu, ndoo, sufuria, kila kitu chenye mdomo. Sisterni zikamalizia kilichobaki usiku. Watu hawakufanya vibaya, mimi pia nikiona hiyo meseji nikiwa na mtoto ndani nitajaza. Ni kwamba matumizi hayako huru na kiwango, yanakijibu: tanki likishuka, watu wanachota zaidi, tanki linashuka zaidi. Mzunguko wa kujilisha.

Kuliingiza hilo ilibidi niongeze akiba ya tatu, maji yaliyo ndani ya nyumba, wastani lita 150 kwa kila nyumba, na sheria kwamba meseji ikienda kila nyumba iliyo na mtu inajaza vyombo. Na hapo swali la kwanza kabisa lilibadilika. Nilikuwa nahesabu saa ambazo tanki ni tupu. Lakini tanki likiwa tupu na dramu yako imejaa, wewe una maji. Asiye na maji ni nani? Ni yule hakuwa nyumbani kati ya saa kumi na mbili na saa tatu: soja wa usiku, mama anayefunga kibanda saa nne, nesi wa zamu. Kwa ploti yetu ni nyumba 6 kati ya 24. Ni hao hao kila mara. Kwa hivyo sasa modeli inahesabu nyumba zisizo na maji, na ukihesabu hivyo mzigo unaonekana umekaa kwa mabega ya watu sita. Natamani ningeliona hilo mapema, kila mtu anayejenga modeli ya kitu cha watu wengi aanze kwa kuuliza nani anabeba makosa ya mfumo.

5 Aprili: matokeo

Kabla ya kuendesha, kipimo kimoja zaidi. Tulifungua bolkoki ya tanki la chini, ile valvu ya boya, tukapima mfereji bila hiyo. Mtungi wa lita 20 ulijaa kwa sekunde 30 badala ya 48. Lita 40 kwa dakika! Paipu ni ya robo tatu inchi lakini mtu zamani aliweka bolkoki ya nusu inchi na imejaa kutu, kwa hivyo usiku wenye saa 4 za maji tunaokota 6,000 pahali tungepata 9,600.

Haya, miaka elfu ya kubuni, hali moja moja. Hivi ilivyo: wiki tatu kati ya kumi kuna nyumba zisizo na maji. Tanki la pili peke yake: bado zaidi ya mbili kati ya kumi, kwa 118,000. Sisterni peke yake: chini kidogo ya mbili. Bolkoki peke yake: kama moja. Bolkoki na sisterni pamoja: chini ya wiki moja kati ya ishirini. Ukiongeza tanki la pili juu ya hizo mbili hupati tofauti ya kuonekana. Na meseji? Nikihamisha meseji kutoka lita 3,000 hadi lita 7,000, yaani watu waambiwe mapema, hofu inasambaa kwa siku nzima na zile nyumba 6 zinapata nafasi ya kujaza. Hii ni bure kabisa na inapunguza mzigo wao karibu nusu.

Sikutaka kumpelekea landilodi namba moja, kwa sababu kuna vitu sijui vizuri, kama lita 150 za dramu. Nikazisukuma: 80, 150, 250. Matumizi juu na chini asilimia 15. Namba zilihama, mpangilio haukuhama, bolkoki na sisterni zilibaki mbele ya tanki kila mara. Hiyo ndiyo sehemu unaweza kuiamini, mpangilio unaobaki hata ukitikisa vitu usivyovijua.

Nilimwonyesha grafu mbili kwa simu. Aliuliza maswali mazuri, akataka kujua kiangazi kikiwa kibaya kama cha mwaka jana itakuwaje, tukakiendesha hicho kipande peke yake akakiona. Amekubali tujaribu.

27 Aprili: kazi yenyewe

Bolkoki ya robo tatu 1,600, paipu na viungo 950, plamba 1,500. Tulishika upande wetu tu, baada ya mita. Sisterni 11: washa (vizibo vya mpira) na valvu 2,750, plamba 3,000. Jumla 9,800.

Kipimo baada ya kazi: mtungi sekunde 31. Usiku kiwango kinashuka sentimita 0.2 kwa saa, lita kama 8. Kuna shida moja ilitokea hapo kati. Mfereji ukiingia kwa kasi, tanki la chini linajaa haraka na pampu isipowashwa mapema bolkoki inafunga na tunapoteza saa za maji. Zamani keateka aliwasha asubuhi na ilitosha. Sasa asubuhi ni kuchelewa. Modeli ilikuwa imechukulia pampu inajiwasha yenyewe, kitu ambacho hakipo kwetu. Nikaingiza keateka mwenye usingizi wa kawaida na faida ya bolkoki ikapungua theluthi. Suluhisho ni swichi ya boya kwa kila tanki, mbili kwa 1,400 na fundi wa stima 1,000. Ile ya chini inazima pampu maji yakiisha, ya juu inaizima tanki likijaa. Mzee sasa analala. Ameniambia hajawahi kulala Jumanne nzima tangu aanze kazi hapa.

Jumla ya marekebisho: 12,200. Pamoja na vifaa vya kupimia, 15,530.

18 Mei: ni sisi ama ni mvua?

Tangu kazi iishe bomba hazijakauka. Watu wananipongeza kwa ngazi na mimi nawaambia ngojeni, kwa sababu hii ni masika, maji yamekuja vizuri hata kwa ploti ambazo hazikugusa kitu. Huwezi kuchukua kabla na baada ukasema tofauti yote ni bolkoki.

Lakini hapa ndipo modeli inalipa kazi yake. Nikachukua saa halisi za maji tangu siku ya kazi, kutoka kwa kitabu, nikazipitisha kwa modeli ya zamani: bolkoki mbovu, sisterni zinazochuruzika, pampu ya asubuhi, meseji ya kuchelewa. Yaani mvua ni ile ile, ploti ni ya zamani. Ploti ya zamani ingekauka Jumatatu mbili. Sio nyingi, masika imesaidia kweli, lakini hizo mbili ni zetu. Wiki ya pili ilikuwa na usiku wa saa 3 tu, na tanki la kweli siku hiyo lilifika chini kabisa sentimita 61, modeli mpya ilisema 55. Tofauti ya lita 228 kwa wiki nzima naikubali.

8 Juni: mpaka wa modeli

Kuna kitu kimenisumbua tangu Aprili. Kwa modeli yetu mfereji unaanza ukutani. Lakini ule mfereji unapita kwa ploti nyingine kabla na baada yetu, na sisi sasa tunavuta karibu lita 39 kwa dakika pahali tulivuta 25. Ile 14 ya ziada inatoka wapi? Nikichora mpaka kwenye ukuta wetu, jirani hayumo, na kila tunachofanya kinaonekana faida tupu.

Keateka wetu aliongea na mwenzake wa ploti iliyo mwisho wa laini, wakakubali tupime. Usiku wa maji, mtungi huo huo, bolkoki yetu ikiwa imefungwa: sekunde 52. Yetu ikiwa wazi: sekunde 57. Tukarudia saa tofauti za usiku na tofauti ilikuwa kati ya sekunde 3 na 6. Wanapoteza karibu asilimia 9 muda tunapovuta, na kwa sababu sasa tunajaa mapema, baada ya hapo sisi tunafunga na wao wanapata laini yote. Kwa usiku mrefu wanatoka sawa. Kwa usiku wa saa 4 hawatoki sawa, hatujafika kujaa na maji yamekatika.

Nimewaonyesha namba hizo wote wawili. Tumekubaliana ukianza usiku unaoonekana mfupi, presha ikiwa chini, tutabana valvu yetu hadi lita 30 kwa dakika. Ploti yao pia ina sisterni zinazochuruzika, tumesikiliza chache, na plamba yule yule ameenda kuwapigia hesabu.

Sensa ya pili ya JSN-SR04T nimeshainunua, 1,100, inaingia kwa tanki lao Jumamosi. Mzunguko wa tanki lao ni mita 5.65, sentimita moja ni lita 25.4. Modeli inayofuata ina ploti mbili kwa laini moja, na kitabu cha keateka wao kinaanza kuandikwa Jumanne.